Choo Kikifungwa na Dawa za Maumivu Wakati Unapunguza Uzito

Mtu akifunga choo, ushauri wa kwanza anaopewa ni kula mboga na kunywa maji. Kwa aliyefungwa choo na dawa kali za maumivu, ushauri huo peke yake unaweza kumzidishia shida. Dawa imeulaza utumbo, na ukiujaza makapi kabla haujaamka unaongeza magari kwenye barabara iliyofungwa. Choo kilainishwe na kisukumwe kwanza, halafu ndipo nyuzinyuzi ziongezwe. Maelezo haya ni ya mtu mzima anayetumia dawa za jamii ya afyuni huku amepunguza chakula. Watoto, wajawazito na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo waongozwe na daktari wao tangu mwanzo.

Dawa zinazohusika ni mofini, kodeini, dihaidrokodeini, tramadoli, oksikodoni, na fentanili ya kubandika kwenye ngozi. (Kwenye pakiti majina haya huandikwa kwa tahajia ya kigeni, yasome kwa sauti utayatambua.) Kodeini ndiyo inayowapita wengi bila kuiona, kwa sababu huchanganywa na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na wakati mwingine huwa kwenye dawa ya kikohozi. Parasetamoli yenyewe haifungi choo. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mlo, geuza pakiti usome viambato vyote.

Kwa nini utumbo unalala

Ndani ya ukuta wa utumbo kuna mtandao wa neva unaoendesha mawimbi ya kusukuma chakula kutoka juu kwenda chini. Neva hizo zina vipokezi vya aina ileile ambayo dawa hizi hushika kwenye ubongo na uti wa mgongo ili kutuliza maumivu. Dawa ikivishika, mawimbi hupungua, na utumbo hubaki ukijiminya palepale bila kusogeza kitu. Choo kikikaa, utumbo mpana unaendelea kukifyonza maji. Majimaji ambayo utumbo hutoa nayo hupungua, na msuli unaofunga njia ya haja kubwa hukaza zaidi. Ndiyo maana kinachotoka ni vigololi vikavu, tena ukiwa na hisia kwamba kingine kimebaki ndani.

Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo, mwili wa wengi huvizoea. Utumbo hauzoei. Anayesubiri choo kirudi chenyewe huku anaendelea na dawa mara nyingi husubiri bure.

Mlo wa kupunguza uzito nao unachangia. Chakula kikiwa kidogo, mabaki yanayofika utumbo mpana huwa machache, na utumbo husukuma vizuri zaidi ukitanuka. Isitoshe, mlo wa kushiba ukiingia tumboni hupeleka ishara kwenye utumbo mpana kwamba upishe nafasi, na mafuta ni sehemu ya ishara hiyo. Kikombe cha kinywaji cha protini asubuhi, bila mafuta wala kitu cha kutafuna, hakitoi ishara ya nguvu hiyo. Kwa walioacha wanga kuna jambo lingine: akiba ya wanga mwilini, glaikojeni, hukaa na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu moja ya akiba. Akiba ikitumika, maji hayo hutoka kwa mkojo. Mizani hushuka haraka wiki ya kwanza, mtu anafurahi, na choo kinakauka.

Wanaotumia sindano za kupunguza hamu ya kula kama semaglutidi wana mzigo wa pili, maana dawa hizo hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga na zenyewe hufunga choo. Vivyo hivyo vidonge vya madini ya chuma, dawa za kiungulia zenye aluminiamu au kalisi (kalsiamu), amitriptilini ya maumivu ya neva na ondansetroni ya kichefuchefu. Andika orodha ya kila unachomeza umpelekee mfamasia. Mara nyingi kuna kimoja kinachoweza kubadilishwa.

Dawa ya choo ianze siku moja na dawa ya maumivu

Usisubiri siku ya nne. Kama daktari amekuandikia dawa ya afyuni kwa zaidi ya siku chache, uliza hapohapo utatumia dawa gani ya choo. Zinazofaa ziko za namna mbili: zinazosukuma na zinazovuta maji.

Zinazosukuma ni sena na bisakodili. Sena huanza kwa kidonge kimoja au viwili vya miligramu 7.5 wakati wa kulala, nayo hufanya kazi baada ya saa 8 hadi 12, yaani ukimeza usiku unaitarajia asubuhi. Mkojo ukigeuka rangi ya njano iliyokolea au wekundu wa kahawia, ni sena hiyo, usishtuke. Bisakodili ni miligramu 5 hadi 10 usiku, nayo huchukua saa 6 hadi 12. Kidonge chake kimefunikwa ili kisiyeyuke tumboni. Usikitafune, usikisage, na usikimeze ndani ya saa moja ya kunywa maziwa au dawa ya kiungulia. Ganda likiyeyuka mapema, utakachopata ni msokoto wa tumbo, na dawa haitafika inakotakiwa.

Zinazovuta maji ni makrogoli na laktulozi. Makrogoli ya unga, gramu 17 kwenye glasi ya mililita 240 za maji mara moja kwa siku, huchukua siku 1 hadi 3 kuonyesha kazi. Pakiti nyingine zina kipimo tofauti na maji yake tofauti, kwa hiyo fuata maelezo ya pakiti yako. Laktulozi ni mililita 15 hadi 30 kwa siku, nayo inaweza kuchukua siku mbili. Utamu wake huwatia hofu wanaohesabu kalori, lakini sukari hiyo haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba kama sukari ya chai. Tatizo lake hasa ni gesi, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huichachua. Tumbo ambalo tayari limejaa na haliendi halihitaji gesi ya nyongeza. Mtu akituuliza achague ipi, tunamwambia makrogoli asubuhi na sena usiku. Moja inarudisha maji kwenye choo, nyingine inauamsha msuli.

Dokuseti peke yake ni dhaifu kwa tatizo hili. Inalainisha kidogo lakini haisukumi. Dawa za magnesiamu zinafanya kazi, ila mwenye ugonjwa wa figo asiziguse bila daktari. Mafuta ya parafini ya kunywa tunayakataa: yakiingia njia ya hewa huharibu mapafu, hasa kwa anayekunywa akiwa amelala, na yakitumika muda mrefu hupunguza ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K.

Na isapgoli, ule unga wa maganda unaovimba ukitiwa maji? Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Kwa mtu mwenye utumbo unaokwenda, ni dawa nzuri. Kwa utumbo uliolazwa na afyuni, hasa kwa mtu anayekunywa maji kidogo, unga huo huvimba na kukaa palepale kama plasta, na unaweza kuziba njia. Uweke kabatini kwa sasa. Pumba za ngano nazo zisubiri.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya siku tu. Anayekula kidogo atatoa choo kidogo, na kupata choo laini kila baada ya siku mbili bila kujikamua si ugonjwa. Tazama umbo. Jedwali la Bristol, linalotumiwa hospitali nyingi, linagawa choo aina 7: aina ya 1 na 2 ni vigololi au gogo gumu lenye mabonge, ya 3 na ya 4 ni gogo laini linalotoka bila kazi, ya 6 na ya 7 ni ujiuji na maji. Unatafuta ya 3 au ya 4. Ukibaki kwenye ya 1 au ya 2 kwa siku mbili au tatu, panda hatua moja ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukifika ya 6, ruka dozi moja kisha rudi na kiasi kidogo zaidi. Kosa la kawaida ni kuacha kila kitu siku choo kinapolegea, halafu wiki inayofuata unaanza upya na jiwe. Dozi ya dawa ya maumivu ikiongezwa, tarajia kuongeza ya choo pia.

Namna ya kula bila kuvunja hesabu ya kalori

Usikate chakula zaidi ya ulivyokwishakata. Kama mpango wako ni wa kalori 1,400, hamisha sehemu kubwa iwe asubuhi, kwa sababu utumbo mpana huwa macho zaidi baada ya kuamka na baada ya kula. Kifungua kinywa cha kalori 350 hadi 400, cha moto, chenye kitu cha kutafuna na kijiko kimoja cha chai cha mafuta (mililita 5, kalori 40 hivi), kinauita utumbo kuliko chakula hichohicho kikigawanywa vipande vidogo vidogo kutwa nzima. Wanaofunga kula hadi mchana wanaipoteza saa nzuri kuliko zote. Tunashauri mfungo huo usimame mpaka dawa za maumivu ziishe. Kahawa ikikufaa, kikombe kimoja asubuhi huuamsha utumbo mpana, na hakina kalori za maana kikinywewa bila sukari wala maziwa.

Nyuzinyuzi zitoke kwenye vyakula vyenye maji. Kiwi mbili zina kalori 85 hivi na gramu 4 za nyuzinyuzi. Papai gramu 200 lina kalori zipatazo 85 na gramu 3 na kitu. Kabichi ya kuchemsha gramu 150 haifiki kalori 40. Maharage yaliyoiva gramu 100 yana nyuzinyuzi gramu 6 au zaidi kwa kalori 130 hivi, lakini ongeza kwa vijiko, si kwa bakuli, maana gesi yake inauma utumbo ukiwa mzito. Plamu kavu zina sifa ya pekee: mbali na nyuzinyuzi, zina sorbitoli, sukari inayovuta maji kama laktulozi. Tano tu zina kalori karibu 100, kwa hiyo zihesabu. Loweka jioni kwenye maji ya moto, asubuhi kula na kunywa maji yake.

Lengo la kawaida la mtu mzima ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Ukiwa kwenye dawa hizi usilikimbilie. Bakia na kiasi ulichozoea mpaka choo kianze kutoka, kisha ongeza kama gramu 5 kila baada ya siku tatu au nne. Tumbo likivimba, rudi nyuma.

Maji yafike lita 1.5 hadi 2 kwa siku, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Kunywa zaidi ya hapo hakusaidii sana, kwani ziada huenda kwenye kibofu. Mchuzi mwepesi na supu vinahesabika, na kwa aliyeacha wanga, chumvi kidogo ya supu humsaidia asipoteze maji yote.

Pipi na biskuti zisizo na sukari hutiwa sorbitoli, maltitoli au zailitoli. Baadhi ya watu wanaozila kama dawa ya choo huishia na tumbo la kunguruma na kuharisha kwa ghafla. Kipimo chake hakitabiriki, tofauti na makrogoli.

Chooni

Nenda dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kila siku, hata kama hujasikia haja. Dawa hizi hupunguza ile hisia ya kuitwa, kwa hiyo saa ndiyo itakayokuita.

Ukikaa kwenye choo cha kukalia, weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Inama mbele, viwiko juu ya magoti, mgongo umenyooka. Mkao huu unanyoosha pembe ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, ambayo ukikaa wima hubaki imekunjwa. Choo cha kuchuchumaa kinafanya hivyo chenyewe. Vuta pumzi iingie tumboni mpaka kiuno kitanuke, kisha toa pole pole huku tumbo likibaki limetanuka mbele. Mdomo uwe wazi kidogo, kwa sababu aliyebana pumzi na meno amebana na chini pia. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Kisipotoka, inuka. Kukaa nusu saa na simu mkononi, ukijikamua kila dakika, ndiyo njia ya bawasiri na mpasuko wa ngozi ya njia ya haja kubwa, na mpasuko ukishauma utaanza kuogopa kwenda, na choo kitazidi kukauka.

Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula kunasaidia. Kama maumivu hayakuruhusu kutembea, lala chali na ukande tumbo kwa kiganja: anza chini kulia, panda hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, shuka hadi nyonga ya kushoto. Huo ndio mkondo wa utumbo mpana. Dakika 10, kwa uzito wa mkono tu.

Kama kimeshakwama

Siku tatu zimepita bila choo. Kabla ya kumeza chochote, angalia hatari. Unatapika, tumbo limevimba na kukaza, huwezi hata kutoa hewa, una homa, maumivu ya tumbo ni makali, au kuna damu nyingi: nenda hospitali sasa hivi, wala usimeze dawa ya kusukuma, kwa maana utumbo unaweza kuwa umeziba. Anayetumia dawa kwa ajili ya mgongo, akisikia ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, miguu kukosa nguvu au mkojo kugoma, naye asisubiri hata kesho. Hiyo inaweza kuwa neva zilizobanwa, na mlo hauhusiki.

Kama dalili hizo hazipo, jiulize choo kiko wapi. Ukisikia kitu kigumu kimekaa mlangoni na hakitoki, anza chini. Ukimeza sena wakati kizibo kigumu kiko mlangoni, utumbo utakisukuma kitu kisichopita, na utajikunja kwa msokoto. Tumia dawa ya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa, ya gliserini ya gramu 4 au ya bisakodili ya miligramu 10. Nawa mikono, ondoa karatasi yake, iloweshe kwa maji. Lala ubavu wa kushoto, goti la kulia umelikunja kuelekea kifua. Isukume kwa kidole mpaka ipite msuli unaobana, kisha ielekeze pembeni iguse ukuta. Hili la ukuta ndilo linalosahaulika: bisakodili hufanya kazi kwa kuugusa utando wa utumbo, na ikichomekwa katikati ya choo haifanyi chochote. Baki umelala. Gliserini huchukua dakika 15 hadi 30, bisakodili dakika 15 hadi 60. Ikitoka nzima baada ya dakika mbili, haikupita msuli.

Ukisikia mlangoni hakuna kitu lakini tumbo limejaa juu, basi ni makrogoli na sena kwa mdomo. Enema ya fosfeti, yaani dawa ya maji inayoingizwa kwenye njia ya haja kubwa, isiwe chaguo la nyumbani kwa mzee au mwenye figo mbovu, na kwa yeyote isizidi moja ndani ya saa 24.

Kuna mtego mmoja. Baada ya siku nyingi bila choo, maji ya kahawia yanaanza kuvuja kwenye nguo, na mtu anasema sasa anaharisha. Mara nyingi ni majimaji yanayopenya pembeni ya bonge lililokwama. Akimeza loperamidi ili azuie, anaongeza dawa ya ukoo uleule uliomfunga. Hapo aonwe na mhudumu wa afya, kwa sababu bonge hilo huenda likahitaji makrogoli ya kiwango kikubwa chini ya usimamizi au kutolewa kwa mkono.

Dawa za kawaida zikishindwa kwa vipimo kamili, daktari anazo nyingine: naloksegoli, naldemedini, metilnaltreksoni. Hizi huizuia afyuni kwenye utumbo bila kuigusa ile inayotuliza maumivu kwenye ubongo. Hazitolewi bila cheti, wala hazitumiki pakiwa na shaka ya utumbo kuziba. Pengine pia daktari atabadilisha au kupunguza dawa ya maumivu yenyewe. Usiipunguze mwenyewe kwa ghafla ili upate choo. Mwili uliokwishaizoea utatetemeka, utatoka jasho na kuumwa upya.

Mizani

Choo kilichokaa na maji yaliyovutwa vinaweza kuonekana kama kilo nzima iliyorudi. Siyo mafuta. Anayekata chakula zaidi kwa sababu ya namba hiyo anafunga choo zaidi, na kesho namba inapanda tena. Kinyume chake kipo pia: mtu anameza bisakodili, mizani inashuka, anaongeza kidonge kesho yake ili ishuke tena. Kalori zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla chakula hakijafika inakofanya kazi dawa hiyo, kwa hiyo anachopoteza ni maji na potasiamu. Potasiamu ikishuka, misuli hulegea, wa utumbo ukiwemo, na moyo unaweza kupiga ovyo. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo.

Dawa ya maumivu ikiisha

Endelea na dawa ya choo kwa siku mbili tatu baada ya dozi ya mwisho, kisha punguza sena kwanza, kidonge kimoja kila baada ya siku mbili, huku makrogoli ikibaki. Choo kikibaki aina ya 3 au ya 4 kwa wiki nzima, acha na makrogoli. Sasa ndipo pumba na isapgoli zinapotoka kabatini: kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, inywewe mara moja kabla haijaganda, na glasi nyingine ya maji ifuate.